Pasi ya treni ya Japani: Mjomba alinunua, mimi sikununua, haya ndio mahesabu

Tangu turudi kila nikikaa barazani lazima mmoja aanze, "ati ile pasi ya treni ya Japani yafaa ninunue?" na mimi nishachoka kurudia, kwa hivyo naandika mara moja hapa anayetaka asome. Jibu la haraka: kwa wengi wetu, la. Lakini Mjomba wangu aliinunua na ukishika kalamu na karatasi alipata faida, tena faida ya kisawasawa, na bado nasema alikosea. Ngojeni niwaeleze.

Kwanza mjue tulikuwa tunafanya nini huko. Mjomba ni mtu wa kuleta magari kutoka Japani, hizi Vitz na Probox na Noah mnazoziona mjini, na mimi ndiye mtu wake wa makaratasi, naijua bandari kuliko jikoni kwangu. Miaka yote hio anaagiza magari kwa simu na picha tu, hajawahi kutia mguu Japani. Sasa akaamua yuwaenda kuona kwa macho, nami nikajitia kiherehere nikachanga zangu nikamfuata. Siku 10. Tokyo, yeye apitie Nagoya kwa kazi yake, kisha Kyoto, Osaka, na Hiroshima tukijaaliwa.

Sasa hii pasi. Jina lake ni Japan Rail Pass, ni ya wageni wa matembezi, yaani ile viza yako iwe ya mgeni wa muda mfupi na iwe imegongwa kwenye pasipoti. Mkenya anayeishi kule kwa kazi au masomo haruhusiwi. Unalipa mara moja, halafu unapanda treni za JR (Japan Railways, kampuni kubwa za reli za huko) nchi nzima mpaka siku zako ziishe, pamoja na zile za mbio wanaziita Shinkansen. Kuna ya siku 7, siku 14 na siku 21.

Zamani hii kitu ilikuwa dezo bana. Ya siku 7 ilikuwa yen 29,650, na nauli ya kwenda Kyoto na kurudi Tokyo peke yake ilikuwa inakaribia hapo hapo, kwa hivyo mtu alikuwa ananunua bila kufikiria. Halafu Oktoba 2023 wakapandisha, ya siku 7 ikawa yen 50,000, ya siku 14 ikawa 80,000, ya siku 21 ikawa 100,000. Sijakosea sufuri. Wakati tunaenda yen moja ilikuwa kama senti 86 za kwetu, kwa hivyo hio ya wiki ni elfu 43 za Kenya hivi, kwa kichwa kimoja. Shida ni kwamba zile video ambazo watu huangalia wakipanga safari nyingi ni za kabla ya 2023, kijana anakwambia "nunua pasi nunua pasi" na yeye alilipa bei ya zamani. Mjomba aliangalia video kama hizo usiku kucha, asubuhi kaja ofisini ashalipa.

"Mjomba, umepiga hesabu?"

"Mwanangu, hesabu ya nini? Unapanda mpaka uchoke."

Haya.

Hebu ichukulieni hivi. SGR economy kutoka Miritini, Mombasa, hadi Nairobi ni shilingi 1,500 tangu Januari 2024. Tuseme kesho waanzishe pasi ya wiki kwa shilingi 7,000 (nimeibuni mimi, msianze kwenda kuulizia). Wewe wa kwenda harusini Nairobi na kurudi, safari mbili, 3,000, utainunua? Si utacheka. Lakini yule wa kupanda na kushuka na mizigo wiki nzima ataikimbilia. Pasi ya Japani ni vivyo hivyo, ila mtu akiona picha ya treni ile yenye pua ndefu akili inahama.

Basi mimi nikakaa na kalenda nikaigeuza nyuma nikaandika nauli moja moja. Tokyo hadi Kyoto, kiti cha kubuku, yen 14,000 na kidogo. Osaka kurudi Tokyo 14,700 hivi. Kyoto kwenda Nara kuona wale paa wanaoinamisha vichwa ni 720 kwenda na 720 kurudi. Kyoto hadi Osaka kwa treni ya kawaida 580. Jumla haifiki elfu 32. Sasa mtu wa safari kama hii, ambayo ndio safari ya watu wengi wanaoenda mara ya kwanza, akinunua pasi ya elfu 50 amewapa wenyewe elfu 18 za bure. Pesa hizo unakula wiki nzima.

Ukiongeza Hiroshima ndio mambo yanabadilika, kwa sababu Kyoto hadi Hiroshima ni elfu 11 na kitu kila upande. Hapo unafika elfu 54, 55, pasi inaanza kupumua. Lakini kumbe kuna kitu kingine ambacho wengi hawakijui, pasi za majimbo. Ile shirika lao la reli la serikali lilivunjwa 1987 likawa kampuni sita za abiria, kila moja na eneo lake, na hizi kampuni zina pasi zao ndogo ndogo. Mimi nilichukua ya Kansai-Hiroshima, siku 5, yen 17,000. Inakubeba Osaka, Kyoto, Nara, Kobe, Himeji mpaka Hiroshima, na treni ya mbio ndani yake. Nikalipa Tokyo–Kyoto pesa taslimu, nikatumia hio ndogo siku tano, nikalipa Osaka–Tokyo. Jumla haikufika elfu 46, na sikufungwa na siku 7.

Siku 7 hizo ndio mtego wa kwanza nataka muuelewe. Ni za mfululizo. Sio kwamba unapanda leo, unapumzika kesho, siku yako inakungoja. Unachagua tarehe ya kuanza na kuanzia hapo saa inatembea hata ukiwa umelala. Mjomba tulipotua Narita Jumatano akaenda moja kwa moja kaunta akaifungua siku ile ile, kisa na maana apande treni ya kwenda mjini bure. Treni hio nauli yake ilikuwa yen 3,070. Mimi nikapanda basi la yen 1,500, nikafika nikalala. Kwa kuokoa hizo 3,070 yeye akachoma siku tatu nzima za pasi maana Jumatano, Alhamisi na Ijumaa tulikuwa tuko Tokyo tu hatuendi mahali. Ningekuwa mimi ningeanza Jumamosi asubuhi, na hakuna ambaye angenikataza.

Mtego wa pili, Tokyo yenyewe. Pasi inafanya kazi kwa treni za JR, kama ule mstari wa kuzunguka mji wa Yamanote, lakini treni za chini ya ardhi ni za watu wengine, na kuna kampuni za binafsi chungu nzima. Ijumaa tukataka kwenda kuswali msikiti mkubwa wa Tokyo, Tokyo Camii, ule wa Waturuki. Mashallah ni mzuri, jengo la sasa ni la 2000 na mnara wake unauona unatokeza juu ya nyumba. Stesheni yake ni Yoyogi-Uehara, na Yoyogi-Uehara hakuna JR. Mjomba na kanzu yake na kofia yake ya vito akafika getini akaingiza pasi ya elfu 50 kwenye tundu, milango ikafunga paa. Akairudisha tena. Paa. Nyuma foleni ya watu na mikoba yao wametulia kimya hakuna hata mmoja anayeguna, na hio ndio ilimuuma zaidi, angalau wangemtukana. Akaja bwana mmoja wa stesheni na glavu nyeupe akainama akamwonyesha kwa mkono mashine ya kununua tiketi. Mimi nishapita zamani na kadi yangu ya Suica, hizo kadi unatia pesa unagusa tu unapita, karibu treni zote za mjini na mabasi, hata dukani unanunulia maji.

"Mwanangu, nunua na yangu hio."

Tukawahi khutba lakini kwa mbio.

Mtego wa tatu ni Nozomi. Kati ya Tokyo na Osaka kuna aina tatu za treni ya mbio kwenye reli moja, Nozomi ndio ya kasi na ndio inayopita kila baada ya dakika chache, halafu Hikari, halafu Kodama inayosimama kila stesheni. Pasi inakupa Hikari na Kodama. Nozomi zamani ilikuwa marufuku kabisa, sasa unaruhusiwa ila ulipe juu yake, Tokyo–Kyoto ni yen 4,960. Yaani umeshalipa elfu 50 halafu unaongeza elfu 5. Kwa kweli tofauti yenyewe si kubwa, Nozomi ni saa mbili na robo hivi, Hikari saa mbili na dakika arobaini, na Hikari ni nzuri vile vile, kiti kipana, miguu unanyoosha. Taabu ni kwamba ukiikosa unangoja, na Mjomba sio mtu wa kungoja. Jumatatu akirudi Tokyo alichelewa kwa sababu ya kikombe cha chai, akaona Nozomi inaingia, akalipa.

Halafu angalieni kichekesho. Ile pasi yangu ndogo ya 17,000, kutoka Shin-Osaka (ndio stesheni ya treni ya mbio ya Osaka) hadi Hiroshima inaruhusu Nozomi bila kuongeza hata yen. Yake ya elfu 50 hairuhusu mpaka aongeze pesa. Tumesimama jukwaa moja, Nozomi imefika mlango umefunguka, mimi naweza kuingia yeye hawezi. Nikamngojea tukapanda Sakura pamoja, treni nyingine ya mbio ambayo pasi yake inaikubali, adabu ni adabu. Ila na yangu ina tundu lake: treni ya mbio kutoka Kyoto hadi Shin-Osaka haimo, lazima upande treni ya kawaida ufike Shin-Osaka ndio ubadilishe. Nusu saa tu hivi, lakini usiposoma utakwama getini wewe pia.

Hiroshima kwenyewe sitasema mengi, mtu aende aone. Ila Miyajima lazima niitaje kwa sababu ya feri. Ni feri ya JR, dakika 10, unavuka kwenda kisiwani kwenye lile lango jekundu lililosimama baharini, na pasi zote mbili zinakubeba, ila tangu Oktoba 2023 unalipa yen 100 ya kodi ya wageni hata ukiwa na pasi. Mjomba akalalamika njia nzima. Nikamwambia Mjomba wewe umezoea Likoni mwenda kwa miguu halipi, huku ni kwa watu. Akacheka. Feri ile ilivyokuja kugota hata hukusikia, nami nikawa natafuta ule mshindo wetu wa Likoni wa kukuamsha.

Sasa tuje kwenye faida niliyowaambia. Jumatatu usiku tuko kwenye simu, mimi nimebaki Kyoto, yeye yuko Tokyo. Kapiga hesabu mwishowe. Narita, Nagoya, Kyoto, Hiroshima na kurudi, Tokyo. Akiangalia nauli za kawaida zinakuja elfu 57 hivi, na yeye ametoa 50,000 na ile 4,960. Faida kama elfu 2. Haikumtosha. Siku imebaki moja kwenye pasi na yeye hawezi kuona kitu kilicholipiwa kinalala, ndio maumbile yake, hata gari likibakisha siku moja ya insurensi atatafuta pa kuliendesha. Kwa hivyo Jumanne asubuhi akapanda treni akaenda Sendai.

Hana mtu Sendai. Hana shughuli Sendai. Ni saa moja na nusu kutoka Tokyo, nauli elfu 11 na kitu kwenda na hivyo hivyo kurudi. Kafika, mvua. Mji unasifika kwa ulimi wa ng'ombe wa kuchoma lakini yeye hakujua kama ni halali akaacha. Akazunguka stesheni. Akanunua kitu kinaitwa zunda, tonge za mchele wa kunata uliotwangwa zimepakwa rojo la kijani la maharage soya mabichi yaliyosagwa na sukari, akanitumia picha ameandika "kama pojo tamu". Akakaa kwenye benchi akala. Akapanda treni akarudi. Jioni kanipigia, "mwanangu, nimewapiga elfu 25!" na sauti imekauka, na kule nyuma nasikia kelele za stesheni bado.

Hio elfu 25 ni ya kweli, nimeihakiki. Lakini hio ni faida ya nani? Nauli ambayo asingeilipa kamwe kama si pasi. Mtu hapandi gari kwenda Voi na kurudi kwa sababu petroli imebaki kwenye tangi. Na katika ile wiki yake, ukimuuliza Mjomba Kyoto ikoje, anakwambia stesheni yake ni kubwa. Usiku mmoja kalala hapo, hakuona hata hekalu moja, hakukanyaga soko la Nishiki. Mimi Jumatatu hio nilikuwa Nara natafunwa ratiba na paa, Jumanne nikaenda Kobe nikaswali kwenye msikiti wa kwanza wa Japani, wa 1935, nikakaa pale nje kwa utulivu nikala wali kwenye mkahawa wa halali jirani. Pasi yangu siku ile ilitumika kwa nauli ndogo tu na sikuumia.

Haki ya Mungu niseme na uzuri wake, isije ikawa nimeiponda tu. Kubuku viti ni bure kabisa, unaenda kwenye mashine unachagua, ukikosa treni unachagua nyingine, hakuna faini hakuna maelezo. Mtu asiyependa kufungua pochi kila saa atafurahia, na mzee asiyejua mashine za tiketi anapumzika kichwa. Na kama safari yako ni ya mbali mbali kweli, mfano unatua Tokyo unashuka mpaka Hakata kule Fukuoka halafu unapanda tena kaskazini, yote ndani ya wiki, inunue bila kuniuliza. Tena hao wafanyabiashara wa magari wenye yadi za kutembelea Nagoya na Osaka na Fukuoka ndio watu wake hasa. Mjomba angefanya hivyo ningenyamaza. Tatizo yadi alikuwa nayo moja, ya rafiki yake Mpakistani nje ya Nagoya, na huko stesheni hakukuwa, alichukuliwa na gari.

Na chunga isipotee. Ni kikaratasi kidogo tu kama tiketi, ukikipoteza hawakupi kingine, elfu 43 imeenda na upepo. Mjomba alikuwa akijipapasa mfuko wa kifua kila dakika kumi mpaka watu wakamtazama.

Kuhusu mizigo, kwa sababu najua sisi watu wa Pwani hatusafiri mikono mitupu. Sanduku ambalo urefu, upana na kimo chake ukijumlisha vinapita sentimita 160, kwenye treni za Tokyo kuelekea Osaka na Hiroshima lazima ubuku kiti chenye nafasi ya mzigo nyuma yake. Haulipi zaidi ukibuku. Usipobuku ni yen 1,000. Pimeni nyumbani na utepe wa fundi cherehani. Sio kama Miritini ambapo unapanga begi chini kwenye mstari mbwa anapita ananusa halafu unalibeba unaingia nalo hata likiwa na gunia la maembe, kule hakuna mbwa ila kuna kipimo.

Kama huna pasi, kiti cha Nozomi unanunua kwenye mashine ya stesheni au kwa simu kabla hujafika, na ukinunua mapema mapema kuna bei za kushuka. Ukitoka Tokyo kwenda Kyoto kaa upande wa kulia, herufi E, mlima Fuji uko huko. Mimi niliuona dakika tano hivi, mweupe juu, kisha kiwanda kikauziba. Mjomba alikaa upande wa kushoto, wa bahari.

Nyota kwa pasi kubwa, tatu kati ya tano. Kwa ile ya Kansai-Hiroshima nne na nusu, nusu nimekata kwa sababu ya Shin-Osaka. Mamangu naye sasa anataka kwenda mwakani, Tokyo na Kyoto na basi, nishamwandikia nauli zake nyuma ya kalenda ile ile, zimekuja elfu 28 na mia kadhaa. Mjomba kaiona kalenda hapo ofisini, akasoma, akasema ila mwambie afike na Sendai.